Dawa za sonona zikikutana mwilini

Ninaandika haya kwanza kwa ajili ya mtu anayemeza kimyakimya dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Yule aliyeificha chini ya kanga kabatini, ambaye mume hajui wala wifi hajui, na akienda zahanati kwa kikohozi akaulizwa, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" hujibu haraka, "Hapana, daktari." Mtu huyo namfahamu, ni wa nyumbani kwetu. Dawa yake haina aibu yoyote, na imewarudisha wengi kwenye meza ya chakula na kwenye usingizi. Ninachokiogopa ni lile jibu la "hapana", kwa sababu dawa za sonona ni miongoni mwa dawa zinazogongana na nyingine kwa urahisi, na mara nyingine zinagongana zenyewe kwa zenyewe.

Katika hospitali zetu nyingi, dawa mbili za sonona utakazokutana nazo zaidi ni fluoksetini na amitriptilini. Zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Fluoksetini ikiandikwa, mara nyingi mgonjwa anajua ni ya sonona au wasiwasi. Amitriptilini ina kazi nyingi. Huandikwa kwa kipandauso, kwa kukosa usingizi, kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na sana kwa wenye kisukari ambao miguu inawaka moto usiku. Mgonjwa anapewa bahasha ndogo imeandikwa "1 usiku", anaambiwa ni ya mishipa, anakwenda zake. Hajui kwamba kidonge hicho kilianza maisha yake kama dawa ya sonona, na kwamba mwilini bado kinafanya kazi ileile. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anameza dawa mbili za sonona kutoka madirisha mawili bila daktari hata mmoja kuamua hivyo.

Ndivyo ilivyomtokea mama mdogo, anayeishi Tanga. Baada ya kufiwa na mumewe alikaa muda mrefu hali wala halali, na watu walikuwa wakisema ni majonzi yataisha. Hayakuisha. Binti yake akampeleka kliniki ya afya ya akili, akaanzishiwa fluoksetini, na baada ya wiki kadhaa akaanza kurudi: akapika, akaenda kwenye kikoba chake, akagombana na wauza samaki kama zamani. Lakini ana kisukari cha siku nyingi. Katika kituo kingine anakohudhuria kliniki ya sukari, alilalamikia miguu, akaandikiwa amitriptilini. Hakusema habari ya fluoksetini, maana foleni ile anakaa na majirani, na chumba cha daktari mlango wake hukaa wazi. Kisha akateleza uani, akaumia kiuno. Duka la dawa likampa tramadoli bila cheti. Meza moja asubuhi na moja jioni, wakamwambia. Kiuno hakikupoa, akaongeza.

Nilikuwa nimekwenda kumwuguza. Usiku ule alianza kwa jasho, kanga ikalowa kama ameogeshwa. Kisha taya zikaanza kugongana, mikono inapapasa shuka, maneno hayaungani, mara anataka kuamka atoke nje. Mwili wa moto. Jirani mmoja akasema malaria imempanda kichwani. Mwingine akasema ana jambo lake tangu enzi za bibi, asomewe. Sikubishana na yeyote. Tulisoma, na gari tukaita.

Hospitalini kipimo cha malaria kilitoka hasi. Afisa tabibu wa zamu alikuwa kijana. Akamwamkia mgonjwa, "Shikamoo mama," ingawa hakujibiwa, kisha akatugeukia: "Dawa anazotumia ziko wapi? Zote. Hata za miti shamba." Binti yake akasita kidogo, akanitazama, kisha akamwaga mkoba wote kitandani. Yule kijana akazipanga bahasha, akasoma, mbili hazikuwa na jina akavitazama vidonge vyenyewe. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akaushika unyayo wa mama mdogo, akauinua ghafla kuelekea kwenye muundi, akaubana hapo. Mguu ukaanza kupigapiga wenyewe, juu chini, juu chini, na haukuacha mpaka alipouachia. Akafanya na wa pili. Ukapiga vilevile. Akasema, "Dawa zimegongana. Serotonini imezidi."

Kupigapiga kule kunaitwa klonasi. Mwaka 2003 madaktari wa Australia walitoa vigezo vya kutambua sumu ya serotonini, vinavyojulikana kama vigezo vya Hunter, na klonasi ndiyo dalili wanayoipa uzito kuliko zote. Haihitaji mashine wala maabara, ni mkono wa mtu anayejua anachokitafuta na anayejua mgonjwa anameza nini.

Serotonini ni kemikali ya mwili wenyewe. Sehemu yake kubwa iko tumboni, nyingine iko kwenye ubongo ambako hupeleka taarifa kati ya seli na seli. Ifikirie kama maji kwenye karo: yanaingia kwa bomba, yanatoka kwa tundu. Fluoksetini huziba tundu kiasi, maji yakae kidogo zaidi. Amitriptilini nayo huziba. Tramadoli, ingawa ni dawa ya maumivu, huziba na pia hufungua bomba. Kila moja peke yake, kwa dozi yake, karo linastahimili. Zikija pamoja linaweza kufurika, na mafuriko hayo ndiyo jasho, kuharisha, kutetemeka, moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa, na joto linaloweza kupita nyuzi 41. Joto hilo linatoka kwenye misuli inayofanya kazi bila kupumzika, ndiyo maana panado haliteremshi.

Dalili huja haraka. Kwa wengi huanza ndani ya saa 6 tangu dozi ibadilike au dawa mpya iongezwe, na kwa walio wengi kabisa ndani ya saa 24. Haraka hiyo ndiyo inayosaidia kuitofautisha. Ukiwa na mtu aliyeanza dawa mpya jana na leo anatetemeka, anatoka jasho na haeleweki, usianzie kwenye malaria peke yake. Apimwe malaria, ndiyo, hii ni Afrika Mashariki na malaria inaua. Lakini dawa zake zitajwe palepale.

Kuna jambo jingine ambalo yule afisa tabibu alinieleza baadaye na ambalo tangu hapo nimelisoma mara nyingi, kwa sababu linaeleza kwa nini mama mdogo aliongeza vidonge. Ini lina kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kubadilisha kemikali mwilini, kinachoitwa CYP2D6. Ndicho kinachoigeuza tramadoli kuwa umbo lenye nguvu ya kuondoa maumivu, na ndicho kinachosaidia kuiondoa amitriptilini mwilini. Fluoksetini hukifunga mikono. Matokeo yake ni mawili kwa mpigo. Tramadoli haigeuki vizuri, kwa hiyo maumivu yanabaki, lakini lile umbo lake la awali linalopandisha serotonini linazidi kujikusanya. Mgonjwa anaona dawa haifanyi kazi, anaongeza kidonge, anaongeza sumu. Wakati huohuo amitriptilini inarundikana. Kwa dawa za ukoo wa amitriptilini zikitumiwa na fluoksetini, kiwango kwenye damu kimewahi kuonekana kikipanda zaidi ya mara mbili, na kufikia hata mara kumi. Mtu ameandikiwa kidonge kimoja cha miligramu 25, mwili unaona vingi. Na tramadoli ikizidi, hasa pamoja na dawa hizi, huleta degedege hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka kifafa.

Amitriptilini ikizidi ina njia yake nyingine ya kuua, nayo ni moyo. Huvuruga umeme unaoendesha mapigo. Kabla ya kufika huko hutoa ishara: kinywa kikavu kupindukia, macho kuona ukungu, mkojo kukataa kutoka, mtu kulewalewa, kuzirai anaposimama. Wazee huambiwa ni uzee. Pombe juu yake huzidisha yote. Na hata dawa ya mseto ya malaria, artemetha na lumefantrini, kijikaratasi chake kinaonya kuhusu kuitumia pamoja na amitriptilini na ndugu zake, kwa sababu ya kimeng'enya kilekile na kwa sababu ya mapigo ya moyo. Naomba hapa nieleweke vizuri: mwenye malaria atibiwe malaria. Aseme tu anatumia nini, ili daktari achague au amwangalie kwa karibu.

Kugongana huku hakukuanza kwetu wala hakutokani na umaskini wa hospitali. Usiku wa tarehe 4 Machi 1984, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alipelekwa hospitali jijini New York akiwa na homa, anatetemeka na hatulii. Alikuwa akitumia fenelzini, dawa ya sonona ya kundi la zamani linalozuia kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini. Akadungwa sindano ya petidini, dawa ya maumivu iliyotolewa kumtuliza mtetemeko. Alizidi kuhangaika, akafungwa kitandani asijiumize, joto likapanda hadi karibu nyuzi 42, na asubuhi moyo wake ukasimama. Leo kifo chake hutajwa sana kama mfano wa fenelzini na petidini kukutana. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa mwandishi wa habari na mwanasheria, hakunyamaza. Alitaka ijulikane kwamba binti yake alikuwa mikononi mwa madaktari wanafunzi waliokuwa zamu saa nyingi mno, na wagonjwa wengine wengi mikononi. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari walio mafunzoni. Hilo ni jambo kubwa alilolifanya. Mimi hubaki nikiifikiria ile sindano: petidini iko kwenye wodi zetu za wazazi na za upasuaji, na anayedungwa ndiye anayejua alichomeza asubuhi.

Dawa za kundi la fenelzini kwetu hazionekani sana, na mtu angeweza kudhani hatari hiyo haituhusu. Inatuhusu kwa mlango wa TB. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View, Staten Island, jijini New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kupita ilivyotarajiwa, na hapo ndipo dawa za kwanza za kundi hili zilipotokea: dawa ya TB ikageuka dawa ya sonona. Miaka mingi baadaye linezolidi, antibiotiki ambayo sasa ni nguzo ya matibabu ya TB sugu, nayo imeonekana kuzuia kile kimeng'enya kinachovunjavunja serotonini, japo kwa nguvu ndogo. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kuitumia linezolidi pamoja na dawa za sonona. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mpango wa miezi 6 wa dawa nne kwa TB sugu, linezolidi ikiwamo, na ni habari njema kwa waliokuwa wakichomwa sindano kwa miezi.

Lakini tazama mtego ulivyokaa. Linezolidi ikitumika kwa miezi huweza kuharibu mishipa ya fahamu miguuni. Mgonjwa anaanza kuwaka moto nyayoni. Dawa ya kuwaka moto nyayoni inayojulikana na kila mtu, na isiyo ghali, ni amitriptilini. Mtu huyohuyo huenda amevunjika moyo kwa kutengwa, kufukuzwa kazi, kukohoa damu, na anahitaji kweli dawa ya sonona. Isitoshe, bedakwilini na moksifloksasini zilizo kwenye mpango huohuo hugusa mapigo ya moyo, kama amitriptilini inavyofanya. Kliniki za TB sugu zinajua hili na huwapima wagonjwa umeme wa moyo. Anayeliharibu ni yule anayempa mgonjwa kidonge cha mishipa nje ya kliniki, dukani, kwa huruma, bila kuuliza.

Nyingine nizitaje kwa kifupi. Fluoksetini pamoja na diklofenaki au aspirini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni, na diklofenaki kwetu inamezwa kama karanga. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje. Baadhi ya dawa za kikohozi zina dekstromethofani, ambayo nayo hupandisha serotonini. Na ndugu walioko Ujerumani wanaonunua ule mmea unaoitwa Johanniskraut kwa ajili ya huzuni na kuwatumia wazazi wao nyumbani, wajue kwamba mmea huo ni dawa ya sonona kamili katika suala hili, hata kama umekauka na kuwekwa kwenye pakiti ya chai.

Kubadilisha dawa nako kuna saa zake. Fluoksetini haitoki mwilini siku unayoacha. Yenyewe na kile inachogeuka kuwa hubaki kwa wiki kadhaa, kiasi kwamba kabla ya kuanza dawa ya kundi la fenelzini sharti zipite wiki 5 tangu kuacha fluoksetini. Ndiyo maana daktari akiuliza unatumia nini, mtajie na ile uliyoacha mwezi uliopita. Na kuacha ghafla dawa ya sonona kwa sababu umesoma makala kama hii ni hatari ya aina yake: kizunguzungu, hasira, usingizi kukatika, wengine huhisi kama shoti ya umeme kichwani, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi ukiwa na kisasi. Mtu aliyewahi kufikiria kujiua asiachwe apite hapo peke yake. Dozi hupunguzwa polepole na aliyeiandika.

Sitaki pia mtu aondoke akidhani kila mchanganyiko ni sumu. Wapo mabingwa wa afya ya akili wanaoweka dawa mbili za sonona kwa makusudi, kwa mgonjwa ambaye moja imeshindwa, wakianza na dozi ndogo na kumwita kliniki mapema. Wapo wengi wanaotumia amitriptilini kidogo kwa maumivu pamoja na fluoksetini na hawajapata shida. Tofauti ni kwamba kuna mtu mmoja anayeijua orodha nzima na anayemwangalia. Mama mdogo hakuwa na mtu huyo. Alikuwa na daktari wa huzuni, daktari wa sukari na muuza dawa, kila mmoja akiona kipande chake.

Alipona. Walizisimamisha zote tatu, wakamwekea dripu, wakampa diazepamu kulegeza misuli, wakampoza kwa maji na feni. Ipo dawa inayozuia serotonini inayotumika hali ikiwa mbaya, siproheptadini, na wengi wataijua kwa kazi nyingine kabisa, maana ndiyo ile watu hununua ili wapate hamu ya kula na kunenepa. Isikufanye ujitibu nyumbani. Sumu hii inahitaji wodi, dripu na mtu wa kuhesabu mapigo usiku kucha. Baada ya siku chache mguu ukaacha kupigapiga. Baadaye fluoksetini ilirudishwa, amitriptilini haikurudi, na miguu ikatafutiwa njia nyingine.

Sasa ana karatasi. Ina jina la kila dawa, miligramu zake, siku aliyoanza, na chini yake zile alizoacha na tarehe. Foleni ikiwa imejaa na majirani, hasemi kitu, anaisogeza tu mezani kwa daktari. Ukiwa unaona haya kusema kwa sauti, fanya hivyo. Kama hujui jina la dawa, beba bahasha na vidonge vyenyewe. Dukani vilevile: kabla ya kupokea dawa ya maumivu, ya kikohozi au ya mishipa, toa karatasi.

Nanyi mnaotoa dawa dirishani, nawaomba kwa heshima. Andikeni jina la dawa kwenye bahasha, si "1 usiku" peke yake. Mkimwona mtu ana tramadoli na amitriptilini mkononi, mwulizeni kwa sauti ya chini kama kuna dawa ya usingizi, ya mawazo au ya TB nyumbani. Na mkikutana na mgonjwa wa namna hii, jazeni ile fomu ya njano ya madhara ya dawa iende TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au kwa walioko Kenya iende Bodi ya Famasia na Sumu. Yule afisa tabibu wa Tanga aliijaza usiku uleule, akiwa amesimama, huku dripu ya kwanza ikiendelea kudondoka.